Shikamoo Niliyonunulia Barafu

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia bado, mmeanza kusoma tu, lakini naitanguliza mapema kwa sababu neno hilo tutakutana nalo mbele.

Mimi ni Generoza. Nilizaliwa Rulenge, nikaolewa Biharamulo, nikafanya kazi ya uhudumu wa afya katika zahanati ya kijiji, barabara ya kwenda Nyakanazi, mpaka nilipoomba kustaafu kwa hiari. Jina la zahanati siliandiki. Jengo halijanikosea kitu. Watu ndio waliokosa, na watu nitawataja. Elimu yangu ni darasa la saba, pamoja na yale mafunzo mafupi ya kusafisha wodi, kuchemsha vyombo, kupima joto na kumshika mkono anayejifungua. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliniambia, "Bibi, andika uliyoyaona, tutayasoma." Haya, someni.

Kitu nilichokilinda kuliko vyote kazini ni dawa moja, ya kichupa kidogo cha kioo ambacho unakivunja shingo. Jina lake oksitosini. Wanawake wetu wengine wanaiita sindano ya uchungu, wengine sindano ya kukata damu, na wote wako sawa. Mtoto akishatoka, mama anachomwa pajani, kizazi kinajikaza kama ngumi na kubana mishipa yote iliyobaki wazi. Kizazi kikikataa kujikaza, damu inatoka kama bomba lililosahauliwa wazi. Chumba cha kuzalia kina mambo mengi, ila hilo ndilo linaloua haraka.

Aliyenifundisha ni Nesi Kokushubila, mkunga wa Kihaya, mwanamke mwenye maneno makali na mikono laini. Siku niliyomuuliza dawa hii inatokana na nini, alinigusa kwa kidole katikati ya nyusi.

"Humu, ndani kabisa, chini ya ubongo, una kitezi kinaitwa pituitari. Kidogo kama punje ya kunde."

"Kinafanya nini?"

"Juu yake kuna sehemu ya ubongo inaitwa haipothalamasi. Hiyo ni jiko. Kitezi ni dirisha la kupitishia chakula. Oksitosini inapikwa jikoni, inatolewa dirishani, inakwenda kukaza kizazi. Mtoto akishika titi, inatolewa tena, inakwenda kusukuma maziwa. Kiwandani wameiga tu wakatia kwenye chupa."

"Kumbe Mungu ndiye wa kwanza kuitengeneza."

"Na yeye hahitaji friji. Wewe unahitaji. Kaifunge vizuri, umeacha mlango wazi."

Hapo ndipo penye somo, wanangu. Dawa hii inaogopa joto, na ikiharibika haisemi. Nyama ikioza utaisikia kwa pua. Maziwa yakichacha utayaona. Oksitosini ikifa inabaki maji meupe yaleyale, kwenye kichupa kilekile, na karatasi yake inakudanganya kwamba bado ni nzima. Utaivuta kwenye sindano kwa imani yote, utamchoma mama, na utakuwa umemchoma maji.

Na barafu nayo inaiogopa, hilo nililijua kwa kuchekwa. Mwanzoni nilitumwa kuzichukua dawa bohari ya wilaya, nikazipanga kwenye kisanduku cha baridi moja kwa moja juu ya vibarafu, nikapanda pikipiki nikijiona hodari. Nesi Kokushubila alipofungua kisanduku alichukua kichupa akakigeuza juu chini. Hakikucheza kitu ndani.

"Waitu, jamani, Generoza. Nilikutuma dawa, umeniletea barafu za ukwaju. Ngoja nikatafute watoto wa shule waje wanunue."

Alicheka, lakini dawa zote zilitupwa. Nilikaa nikiwaza. Kwetu Rulenge mtoto akichemka mwili, mama anachana gamba la mgomba mbichi, lile la ndani lenye vijumba vya maji, anamlaza juu yake. Safari iliyofuata nilitanguliza vibarafu, juu yake nikatandika magamba ya mgomba, dawa zikakaa juu ya magamba. Zilifika baridi, bila kuganda hata moja.

"Mimi Mhaya nimekula ndizi maisha yangu yote," akasema Nesi, "sikujua mgomba una cheo kwenye famasi."

Akanionya pia, nami nawaonya: mgomba si friji. Kazi yake ni kuizuia dawa isiguse barafu, basi. Pasipo na barafu, ni takataka umebeba. Na siku hizi wanaleta visanduku vyenye kuta na vipimo vyake, kwa hiyo fuateni maelekezo yake, mgomba mwachieni bibi yenu.

Sasa niwataje watu.

Mganga mfawidhi wetu, yaani mkuu wa zahanati, wa kipindi kile alikuwa Bwana Melkiori. Wodi ya wazazi ilikuwa imepewa friji yake na wafadhili, nyeupe, ndogo, yenye kufungwa kwa ufunguo. Bwana Melkiori aliibeba mchana kweupe, akaipeleka hotelini kwa mke wake, pale malori yanaposimama, ikapoze soda za madereva. Oksitosini zikahamishiwa rafu ya juu kabisa, chini ya bati. Nesi Kokushubila alimfuata ofisini, nami nilikuwa nadeki mlangoni nikasikia.

"Mheshimiwa, dawa zile zinaungua."

"Nesi, wewe ulizaliwa ndani ya friji? Mbona u mzima?"

"Basi niruhusu niziweke kwenye friji ya chanjo."

"Friji ya chanjo ni ya chanjo. Usinichanganyie vitu."

Siku hizi mnaambiwa ziwekwe humo humo, kwenye kisanduku chake, na hakuna anayeshangaa. Wakati ule Nesi alirudi wodini mikono mitupu. Aliandika malalamiko, hayakujibiwa.

Mimba yangu ya nne ilinikuta bado nafanya kazi. Nilijifungulia kwenye kitanda ambacho nilikuwa nakisugua mwenyewe kila asubuhi. Mtoto alitoka salama, wa kike, Editha. Nesi akavunja kichupa, akanichoma. Damu haikukata. Akavunja kingine. Damu haikukata. Nikamwangalia usoni, nikaona ameshajua anachonichoma ni nini.

Alinikandamiza kizazi kwa mikono miwili, mmoja ndani na mmoja juu ya tumbo, na hakuachia. Mume wangu Sospeter alikimbilia barabarani, akamsimamisha dereva wa lori, Mrundi tusiyemjua, ambaye alitupakia kwenye kabini pamoja na mizigo yake yote ya safari. Nesi alipanda hivyo hivyo, mikono haijaachia.

"Generoza, usilale. Nitukane, lakini usilale."

Nilimtukana kwa Kihangaza, lugha ya kwetu Rulenge, na kwa Kiswahili mpaka Nyakanazi, na kutoka hapo mpaka hospitali. Baadaye alisema Kihangaza hakukielewa, ila alishukuru kwamba kilikuwa kirefu. Nilitiwa damu, nikaishi. Yule dereva sijawahi kumwona tena. Akisoma hapa, apokee shukrani.

Mnadhani yaliishia hapo. Nilirudi nyumbani na matiti makavu. Si maziwa machache, hapana, hakuna. Editha anashika, ananyonya hewa, analia. Mama mkwe wangu Anastazia, naye namtaja ingawa ni marehemu, alisimama mlangoni mbele ya wageni waliokuja kumpa mtoto hongera.

"Maziwa umeyaacha wapi? Umempelekea mama yako Rulenge?"

Aliyeniokoa ni jirani, Mama Shabani, ambaye alikuwa na mtoto mchanga wa kiume. Aliingia, akamchukua Editha, akaketi mkekani akamtia titi la pili huku Shabani akiwa kwenye la kwanza. Alimnyonyesha hivyo mpaka akaanza uji. Wale wawili leo ni watu wazima, wanaitana ndugu, na shehe alishawaambia mapema kabisa kwamba wamenyonya ziwa moja, kuoana wasahau. Mama Shabani anasema nilimharibia mkwe mzuri.

Na mimi nikawa mtu wa ajabu. Siku zangu za mwezi hazikurudi. Nilihisi baridi saa sita mchana, nafagia wodi nimevaa sweta watu wananicheka. Nywele za kwapani zilipukutika. Nilikuwa nikichota maji nakaa chini kisimani kama mzee. Kwa Anastazia nilikuwa nimerogwa, au mvivu, kutegemea siku. Nilikunywa mizizi ya kila aina. Mwingine aliniambia nimetiwa damu ya wafu. Sospeter hakuniacha, naliandika hilo kwa heshima yake, ingawa waliomshauri walikuwa wengi na majina yao ninayo.

Miaka ilipita. Ndipo akaja hospitalini daktari mmoja mgeni, kijana mpole, na Nesi Kokushubila akanipeleka kwake kwa nguvu. Hakuanza na dalili. Aliniuliza, "Baada ya ule uzazi uliomwaga damu, maziwa yalitoka?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, isipokuwa kwa kunisuta.

Akanieleza, na Nesi akanitafsiria kwa mfano wake wa jikoni. Mwanamke akiwa na mimba, kile kitezi kinanenepa, kinahitaji damu nyingi. Damu ikiisha mwilini ghafla, kinakufa njaa. Changu kilikufa siku ile. Dirisha limezibwa. Jiko liko, lakini chakula hakitoki, na kitezi kile hakitumi oksitosini tu. Kinaamuru pia tezi ya shingoni, tezi zilizo juu ya figo, na mayai ya uzazi. Wote hao walikuwa wamekaa wanasubiri amri isiyokuja.

Nikapewa vidonge. Kimoja kinajaza pengo la tezi za juu ya figo, kingine la tezi ya shingoni, na huanza kile cha kwanza, daktari alisisitiza. Siku chache baadaye nilivua sweta mbele ya wodi nzima, nikaitundika msumarini, nikaendelea kudeki. Wenzangu walipiga vigelegele.

Vidonge vile nameza mpaka leo, kila asubuhi, na nitavimeza mpaka siku ya mwisho. Mkimpata mgonjwa kama mimi, mwambieni asiviache hata siku moja kwa sababu amejisikia vizuri. Amejisikia vizuri kwa sababu ya hivyo vidonge. Akipata homa au akifanyiwa upasuaji, daktari humwongezea. Na amwambie kila nesi atakayemgusa. Mimi nilikuwa nawaambia hata madereva wa bodaboda.

Kwa hiyo mnaelewa. Mwanamke asiye na kitezi ndiye aliyepewa kukilinda kile cha kwenye chupa. Mfawidhi mpya alipokuja na friji mpya, aliniuliza nani ashike ufunguo. Nesi Kokushubila, aliyekuwa anakaribia kustaafu, akasema, "Kuna mmoja tu hapa ambaye hawezi kuweka soda." Ufunguo nikautia kamba nikauvaa shingoni pamoja na rozari yangu.

Waliojaribu ni wengi. Mwenyekiti wa kijiji alileta keki ya kipaimara ya mwanawe. Nilimwambia keki haitoki damu. Mwingine alileta sato kutoka Chato, jicho lake bado linang'aa. Akaondoka naye. Mfugaji mmoja ndiye nisiyemsahau. Alikuja akanong'ona dirishani kwamba amesikia tuna sindano ya kushusha maziwa, na ng'ombe wake anabana.

"Huyo ng'ombe ameshahudhuria kliniki?" nikamuuliza.

"Kliniki ipi, mama?"

"Ya wajawazito. Mlete Jumanne na mume wake, tumfungulie kadi."

Alikasirika, akaenda kunishtaki. Wakacheka hata waliopelekewa mashtaka. Lakini mimi sikuwa na mzaha. Kila kichupa kinachokwenda kwa ng'ombe kina mama ambaye kingekuwa chake.

Sasa nirudi kwenye shikamoo. Bwana Melkiori aliacha kazi akabaki na hoteli yake. Ni mkubwa kwangu kwa umri, tena kwa mbali. Lakini tangu siku nilipoelezwa kilichonikuta, nilimnyima shikamoo. Napita mbele ya hoteli yake kila siku ya kazi, wateja wamekaa, nasema, "Habari za leo, Bwana Melkiori." Basi. Nyinyi wa mjini mtaona ni salamu tu. Kwetu, mtu mzima kumwambia mzee habari za leo mbele ya watu ni kumvua kofia. Alijua kwa nini. Barabara nzima ilijua. Sikumshtaki popote, maana nani angenisikiliza, mpiga deki wa darasa la saba. Hukumu yake ilikuwa hiyo, na niliitekeleza bila kukosa.

Mpaka Editha alipokuja kujifungua.

Alikuwa ameolewa Bugarama, lakini mtoto wa kwanza alitaka kumzalia kwetu, mikononi mwangu, na mumewe akakubali. Umeme ulikatika tangu jana yake. Friji ya chanjo ilikuwa imeharibika betri, chanjo zimepelekwa kituo cha afya. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mgonjwa mwingine. Vidonge vya akiba vya kukazia kizazi vilikuwa vimekwisha. Friji yangu nilikuwa sijaifungua hata mara moja, inatunza ubaridi wake kama mtu anavyobana pumzi.

Nesi Rehema, kijana mzuri sana wa kazi, alichungulia kipimo cha mlangoni. "Mama, kinapanda. Dawa bado ni nzima, lakini Editha akichelewa hadi jioni, sitaki kuapa."

"Barafu iko wapi karibu?"

Alitazama barabarani. Jenereta ya hoteli ya Bwana Melkiori ilikuwa inanguruma, tuliisikia wote wawili.

Editha alikuwa ameegemea ukuta, anahema. Nilimwangalia yule mtoto ambaye sikumpa tone. Nikachukua kisanduku.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya mlango, mguu umevimba, umepandishwa juu ya kreti. Watu wanakula wali maharage ndani na nje.

"Habari za leo," nikasema, kwa mazoea.

"Nzuri." Akanitazama na kisanduku changu. "Leo umesimama. Siku zote unapita."

"Nahitaji barafu."

"Barafu ninayo." Hakuinuka. "Generoza, mimi nimekuzidi miaka mingapi?"

"Mingi."

"Mke wangu amekufa anasikia unavyonisalimia. Watoto wangu wanasikia. Barafu nitakupa, sijasema sikupi. Nauliza tu."

Vijiko vilikuwa vimesimama. Mpishi alitoka na mwiko wake akaegemea mlango ili asipitwe. Ningeweza kumjibu mengi, nilikuwa nayo yamepangwa kwa miaka. Nikamfikiria Editha ukutani.

"Shikamoo, Bwana Melkiori."

Aliinamia mguu wake uliovimba.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo. Kisha, "Generoza, ile friji..."

"Barafu," nikasema. "Binti yangu ana uchungu."

"Yupi? Yule wa siku ile?"

"Huyo huyo."

Akauteremsha mguu. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye friza, akijishika meza kwa meza, akafungua, akaanza kupakia mifuko ya barafu.

"Ongeza," nikasema.

Akaongeza mpaka kisanduku kikajaa. Alitaka tena kuniambia neno, nikafunga kifuniko. Nyuma ya hoteli yake kuna migomba. Nilikata gamba bila kuomba. Hiyo sikuona haja ya kuisalimia.

Dawa tulizihamisha, barafu chini, mgomba katikati, vichupa juu, na kipimo kikashuka mpaka Rehema akapumua. Siku ile hazikumngoja Editha peke yake. Kulikuwa na mwanamke mwingine kutoka kijiji cha pili, naye alichomwa kutoka humo humo, akaenda nyumbani salama.

Editha alijifungua jua likiwa linaanza kulegea. Mtoto wa kiume. Rehema akavunja kichupa, akachoma, akachukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo la mwanangu. "Sikiliza, Mama."

Mwanzo palikuwa laini. Hofu iliyonipata hapo siwezi kuiandika. Halafu kikaanza kujikusanya chini ya kiganja changu, polepole, kikapanda, kikakaza, kigumu kama mpira wa miguu uliojazwa vizuri. Damu ikapungua. Ikakata.

Mama Shabani alikuwa amekuja na khanga zake na chupa ya chai, ameketi kwenye benchi amejiandaa kwa lolote, kama siku zile. Rehema akamweka mtoto kifuani kwa mama yake. Mtoto akatafuta titi, akapata, akavuta. Editha akakunja uso, "Tumbo linauma tena, Mama."

"Ni kitezi chako hicho," nikamwambia. "Kimesikia mtoto. Kinafanya kazi."

Mtoto aliponyanyua mdomo kupumzika, pembeni palikuwa na tone. La njano, zito, maziwa ya kwanza. Mama Shabani aliinama akalitazama kwa makini, akakaa tena akajimiminia chai.

"Basi leo mimi sina kazi hapa," akasema.

Asubuhi yake nilirudisha mfuko uliobaki wa barafu, imeshakuwa maji. Bwana Melkiori alikuwa kwenye kiti chake, amevaa shati safi, na wateja wa asubuhi waligeuka waliponiona nakuja. Alijiweka sawa, kama mtu anayesubiri kuamkiwa.

"Habari za leo, Bwana Melkiori."

Akashusha macho. "Nzuri," akasema. "Mtoto?"

"Ananyonya."

Nikapita kwenda kazini.